Nchi Ambayo Hakuna Aliyefanya

Iko nchi moja. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa lilitungwa na hakuna anayekubali kwamba ndiye aliyelitunga. Ni nchi nzuri tu. Ina mlima, ina ziwa, ina wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko barabara zake za lami. Na viongozi wake ni watu wasio na kosa hata moja, tangu siku ile Kiingereza kilipoeleweka vizuri.

Naam, Kiingereza. Usicheke kwanza.

Nchi ile ilikuwa na Waziri wa Majengo na Matamshi, wizara mbili zilizounganishwa ili kubana matumizi. Huyu ni Mheshimiwa Daktari Nikodemo Tumbwene. Alipelekwa ng'ambo kwa mafunzo ya muda mfupi pamoja na wenzake. Wenzake walirudi na masanduku ya viatu. Yeye alirudi na kitabu cha sarufi ya Kiingereza, cha watoto wa shule, chenye picha ya kikombe kilichopasuka. Akaingia nacho kwenye Baraza la Mawaziri, akakiinua juu kwa mikono miwili.

"Waheshimiwa," alisema, "tumeteseka bure. Waingereza walishalimaliza tatizo hili zamani."

Akaeleza. Kwa Kiingereza, mtu akivunja kikombe kuna namna mbili za kusema. Ya kwanza ni ya kishamba: unamtanguliza mtu, unamtaja, unasema huyu kavunja. Ya pili ni ya kiungwana: kikombe kinakuja mbele, kinakalia kiti cha yule mtu, na mtu mwenyewe anasukumwa nyuma kabisa, anafungwa kwenye mkia wa sentensi kwa kaneno kadogo, "by".

"Sasa sikilizeni utamu wake," Waziri alisema. "Mkia huo unakatika! Kama wa mjusi. Ukishaukata, sentensi inaendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichopungua. *The cup was broken.* Nukta. Na mwalimu anakupa alama ya vema!"

Kisha Waziri wa Fedha akauliza polepole, "Hata kama kikombe ni cha serikali?"

"Hasa kikiwa cha serikali."

Machozi yalimwagika. Ya nani, kumbukumbu za kikao hazisemi.

Wazee wa nchi ile, habari ilipowafikia, hawakushangaa sana. Wao walikwisha kuionja dawa hiyo. Mkoloni alipochoma kijiji cha Mabwengo, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, aliandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba nyumba zilichomwa na wakazi wakatawanywa. Nani alichoma? Karatasi haikusema. Bibi zetu walikuwa wakisema, maana walimwona, na hata kiberiti alikishika kwa mkono wa kushoto. Lakini hakuna aliyewauliza. Hawakujua Kiingereza.

*

Basi ikatungwa Sheria ya Adabu ya Sentensi. Kuanzia siku hiyo, jambo lolote la umma lilitakiwa kusemwa bila mtenda, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Barabara iliharibika. Dawa ziliisha. Uchaguzi ulifanyika, kura zikahesabiwa, mshindi akapatikana.

Vijana wakatongozana kisheria: "Unapendwa," na binti akajibu, "Imesikika." Mtangazaji wa mpira wa redio ya taifa akakesha anafanya mazoezi, kisha siku ya fainali akatangaza: "Mpira unapigwa, unapigwa tena, unaokolewa, unapigwaaa, bao limefungwa!" Mashabiki wa timu zote mbili wakaingia barabarani kushangilia, na wakapigwa mabomu ya machozi. Nani aliwapiga? Hebu acha uchokozi. Mabomu yalipigwa.

Lakini sheria njema haikosi huruma, na hii ilikuwa na vifungu viwili vya huruma.

Kifungu cha kwanza kilisema kwamba mwananchi wa kawaida ataendelea kutenda. Kwa hiyo akipotea kuku, mtenda alirudi mbio: jina lake, jina la baba yake, kata anayokaa na picha yake gazetini akiwa amemkumbatia kuku. Mfuko wa barabara ulipopotea, ulipotea. Ulitoka wenyewe asubuhi, ukavaa viatu, ukaenda.

Kifungu cha pili kilihusu vibao. Kwenye kibao cha ufunguzi, mtenda aliruhusiwa kutajwa, tena kwa herufi kubwa, na mtu yeyote hakuruhusiwa kufuta kilichoandikwa hapo. Kifungu hicho alikiandika Waziri Tumbwene kwa mkono wake. Alisema, "Bila hivyo, vizazi vijavyo vitajuaje nani aliyaleta maendeleo?"

Nchi ile inapenda vibao, jamani. Kila bomba la maji lina kibao kikubwa kuliko bomba. Mheshimiwa Tumbwene alifungua vyoo, alifungua kivuko cha barabarani, alifungua kufuli la duka la ushirika. Taratibu zilikuwa zile zile: anakata utepe, anavuta pazia, kisha anasoma kibao kwa sauti mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya waliopo na ya pili kwa ajili ya redio, iliyokuwa ikirusha hewani moja kwa moja. Alipenda sana kusoma, kwa kuwa vibao vyote vilianza na yeye. Akishaanza vyeo vyake, sauti ilipanda yenyewe, macho yakafumba nusu, na mdomo ukaendelea mbele peke yake.

*

Shule ya Msingi Mabwengo nayo ilipata darasa jipya, na mlangoni kikawekwa kibao: MHESHIMIWA DAKTARI NIKODEMO TUMBWENE AMELIJENGA NA KULIFUNGUA RASMI JENGO HILI.

Saruji ya darasa hilo watu wa Mabwengo waliiona. Iliwapita juu ya lori, ikapunguza mwendo pale shuleni kama inayosalimia, kisha ikapanda mlima hadi nyumbani kwa Waziri, ambako bwawa la kuogelea lilikuwa linajengwa. Darasa likajengwa kwa mchanga na ahadi, likapakwa rangi ya krimu.

Humo ndani Mwalimu Kalebi Mdoe alifundisha Kiingereza darasa la sita. Siku mkaguzi alipokuja na kusimama mlangoni, somo lilikuwa lile lile la taifa. Mwalimu akaandika ubaoni: *The classroom was built.*

Mkono ukanyooka. Alikuwa Zawena Mkalawa, mtoto wa muuza mihogo ya kukaanga, binti mwembamba mwenye sauti ya tarumbeta.

"Mwalimu, *by who*?"

"Hiyo sehemu haiulizwi kwenye mtihani, Zawena."

"Lakini mlangoni imeandikwa."

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Mwalimu Kalebi akatazama mlangoni, akatazama mshahara wake kwa macho ya moyo, akasema, "Chukua madaftari yako. Hamia kona ya nyuma, kule ukutani." Alitaka maswali ya mtoto yasifike mlangoni. Zawena akahamia ukutani, na huko akabaki.

Ikaja asubuhi ya mvua, na ukuta wa nyuma ukaja ndani.

Watoto wengine walitoka na vumbi na michubuko. Zawena hakutoka. Na nataka hili mlisikie vizuri: kabla machela haijafika, lilifika gari la wizara. Walishuka wanaume wenye bisibisi, wakaenda moja kwa moja mlangoni, wakafungua kibao, wakakifunga kwenye blanketi kisipate mkwaruzo, wakaondoka. Mama Zawena aliwakuta wanatoka. Alidhani aliyebebwa kwenye blanketi ni mwanawe. Alikimbilia lile gari, akafunua blanketi, akaona jina la Waziri.

*

Tume ikaundwa. Mama Zawena akaitwa kutoa maelezo, akakaa mbele ya mabwana waliokuwa na maji ya chupa kila mmoja na kitambaa chake.

"Mama, pole sana," Mwenyekiti alisema. "Eleza kilichotokea, bila kutaja mtenda."

"Mwanangu ameuawa na Tumbwene."

"Mkia huo, mama. Ukate."

"Haya. Ukuta umemuua mwanangu."

"Ukuta nao ni mtenda, mama yangu. Tena ukuta ni mali ya serikali. Usiusingizie."

Mama Zawena akawatazama mmoja mmoja. "Basi mwanangu kafa."

Mabwana wakatazamana. Katibu wa Tume akainamia sikio la Mwenyekiti, wakanong'ona, na Mwenyekiti akaangaza uso kama mtu aliyeokota funguo zake.

"Kafa," alirudia. "Yeye mwenyewe. Kwa hiyo hapa kuna mtu amefanya kitu."

"Unasemaje, baba?"

"Tunafuata maneno yako, mama. Ukuta ulidondoka, mvua ilinyesha, saruji ilipungua. Hayo yote yalitokea tu. Aliyefanya kitu ni mtoto. Alikaa ukutani. Kisha akafa."

Wakaandika hivyo. Ripoti ikasomwa redioni: baada ya uchunguzi wa kina imebainika kwamba mtenda pekee katika tukio la Mabwengo ni marehemu mwenyewe. Wazazi wakakumbushwa kuwaonya watoto wao wasikae karibu na majengo ya maendeleo.

Mama Zawena aliisikia akiwa sokoni, mbele ya karai lake la mihogo. Watu walimwona akiepua karai, akamwaga mafuta yakiwa bado yanachemka, akazima moto.

"Nchi nzima," alisema, hakumwambia mtu yeyote, "watu wote hawa, na magari yao, na mihuri yao. Aliyefanya kitu ni Zawena wangu peke yake?"

*

Mwalimu Kalebi alikuwa ameachishwa kazi, kwa kosa la kufundisha kwa sauti iliyosababisha mtikisiko. Alikuwa akichora vibao vya bucha na saluni kando ya barabara. Mama Zawena alimkuta anampaka rangi ng'ombe aliyekuwa anatabasamu.

"Shikamoo, Mama Zawena," alisema, ingawa kwa umri walilingana. Brashi ikamtoka mkononi.

"Mwalimu, wewe ndiye ulimfundisha mwanangu kukata mkia."

"Mama, mimi ndiye niliyemweka pale ukutani. Najua. Silali."

"Sikuja kukuuliza kama unalala. Nauliza: kuunga unajua?"

"Kuunga nini?"

"Mkia. Mtu arudi mahali pake."

Mwalimu akaokota brashi. "Najua. Lakini ni jela, mama. Hakuna pa kuiandika sentensi ya namna hiyo nchi hii."

"Papo," alisema Mama Zawena. "Waziri ameparuhusu mwenyewe."

Siku iliyofuata akapiga simu wizarani. Akaunganishwa na Bwana Itifaki, mtu anayepanga safari za Waziri.

"Tuna ufunguzi huku Mabwengo, mwanangu."

"Utepe upo?"

"Upo."

"Pazia?"

"Lipo, la maua."

"Jina la Mheshimiwa limeandikwa kwa herufi kubwa? Linatangulia?"

"Ndilo neno la kwanza. Na vyeo vyote tumeweka."

"Redio?"

"Njooni nayo."

"Mheshimiwa atafika," alisema Bwana Itifaki, akakata simu.

Hakuuliza kinafunguliwa nini. Msimlaumu. Katika nchi ile swali hilo halijawahi kuulizwa. Mheshimiwa aliwahi kufungua kituo cha mafuta kisicho na mafuta, akakifungua tena mwaka uliofuata kikiwa kimeshakuwa banda la kuku.

*

Akaja. Pikipiki mbele, vumbi nyuma. Watu wa Mabwengo walikuwa wamejipanga pande mbili za njia, wamevaa nguo za Jumapili, kimya. Ukimya wao aliuona kuwa ni nidhamu, akawapungia. Utepe ulifungwa kati ya miti miwili ya michongoma. Mbele kulikuwa na kitu kifupi kimefunikwa pazia la maua, lililotoka kwenye dirisha la chumba alicholala Zawena.

"Ni mradi gani huu?" Waziri alimnong'oneza msaidizi wake.

"Wa jamii, mheshimiwa."

"Aah, wa jamii. Nzuri."

Mama Zawena akampelekea mkasi kwenye sinia, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Waziri hakumtambua. Wenye misiba hawakuwa kwenye ratiba yake.

Alikata utepe. Alivuta pazia. Mtu wa redio akasogeza kinasa sauti. Mheshimiwa akakohoa, akapanua kifua, akaanza:

"MHESHIMIWA DAKTARI NIKODEMO TUMBWENE, WAZIRI WA MAJENGO NA MATAMSHI, MLEZI WA MICHEZO YA VIJANA, NURU YA MAENDELEO VIJIJINI," na sauti ikapanda, macho yakafumba nusu, "ALICHUKUA SARUJI YA SHULE YA MSINGI MABWENGO AKAJENGEA BWAWA LAKE LA KUOGELEA, NA KWA KUFANYA HIVYO AKAMUUA ZAWENA MKALAWA, MWANAFUNZI WA DARASA LA SITA, AMBAYE HAKUFANYA KITU. ALIKUWA AMEKAA TU."

Alikisoma chote. "Akamuua" alilitamka kwa maringo yale yale anayotamkia "akatuletea maji". Msaidizi wake alipiga makofi, peke yake, mara chache, kisha mikono ikabaki hewani.

Ndipo Mheshimiwa akafungua macho. Akaona tuta la udongo. Akaona msalaba mdogo wa mbao nyuma ya kibao. Akaona wale watu, waliokuwa wakimtazama kama anavyotazamwa mwizi aliyeshikwa akiwa na kuku.

"Kwa kawaida unasoma mara mbili, mheshimiwa," alisema Mama Zawena. "Ya pili ni ya redio."

Na mazoea, ndugu zangu, ni kitu kibaya. Mdomo wake ulifunguka wenyewe. "Mheshimiwa Daktari Niko..." Akaukamata kwa mkono.

*

Taarifa ya serikali ilitoka jioni ile ile. Maneno yalisomwa. Masikitiko yameonyeshwa. Uteuzi umetenguliwa.

Tumbwene alikwenda Ikulu asubuhi, akasimama dirishani kwa karani wa mapokezi. "Nimetenguliwa na nani?"

"Umetenguliwa, mzee."

"Na nani, binti? Nitajie mtu! Mtu mmoja tu!"

"Mkia ulishakatwa, mzee. Kwa sheria yako. Sogea, kuna watu nyuma."

Akarudi kwenye bwawa lake. Hapo ndipo hadithi za kiungwana huishia: mbaya kaanguka, watu wakacheka, tukalale. Lakini bwawa hajanyang'anywa. Lori lile lina dereva, na dereva alikuwa na bosi, na bosi sasa ni Waziri wa Majengo na Matamshi. Ripoti ya Tume haijafutwa. Mpaka leo, wizarani, mtenda ni mtoto.

Na siku chache baada ya ufunguzi, kibao cha kaburini kiling'olewa. Ndivyo ilivyotangazwa: kiling'olewa. Basi, adabu nimeivumilia tangu ukurasa wa kwanza, na imenitosha. Kibao hicho kilikatazwa kufutwa kwa sheria, na aliyeking'oa ni Inspekta Rajabu Kitwanga, mchana, kwa nyundo aliyoazima kwa muuza mkaa. Mama Zawena alikuwa amekaa kando ya tuta akimtazama.

"Jina lako nani, baba?" alimuuliza.

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Sikukuuliza kama umetumwa. Nimekuuliza jina."

Inspekta akaendelea kugonga. Akagonga, akagonga, jasho likamtoka. Mwishowe alisema jina lake, kwa sauti ndogo, kama mtoto darasani.

"Na aliyekutuma?"

Akasema na hilo.

Kesho yake kibao kipya kilikuwa kimesimama. Maneno ya kwanza yale yale, na chini yake Mwalimu Kalebi ameongeza: KIBAO CHA KWANZA ALIKING'OA INSPEKTA RAJABU KITWANGA. ALITUMWA NA KAMANDA LAURIANI MBUNJU.

Akatumwa ofisa mwingine. Akafika na nyundo yake mwenyewe, mpya. Akamkuta Mama Zawena amekaa pale pale, na karai lake la mihogo limerudi motoni, na ubavuni mwake kibao cha tatu kimeegemezwa, kimepakwa rangi, kimekauka. Ofisa akakisoma. Kilikuwa na maneno yote, isipokuwa mahali pamoja palipoachwa wazi.

"Hapa pa nini, mama?"

"Pako, mwanangu. Kaa kwanza ule muhogo, kisha uniambie jina."

Hakukaa. Alirudi alikotoka, na siku hiyo akaandika kwamba kaburi halikuonekana. Wa baada yake aliugua njiani. Wa baada ya huyo hajafika bado.

Kibao kiko pale. Nafasi ya jina nayo iko pale, wazi, inamsubiri mtu.